Hawaii: kwanini anaefufua bwawa la samaki anaitwa mlinzi wa utamaduni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna watu Hawaii walikuwa wanatafuta miti miwili tu. Walitaka kuchonga mtumbwi wa kusafiria bahari kuu, ule wa magogo mawili yaliyofungwa pamoja na tanga juu yake, kama waliokuja nao wazee wao kutoka visiwa vya kusini mamia ya miaka iliyopita, na mti wa kazi hiyo kwao unaitwa koa, mti wa Hawaii ambao hauoti kwa asili sehemu nyingine yoyote. Wakapanda milima, wakazunguka misitu, miezi ikapita, koa mkubwa na mzima wa kutosha hawakuupata. Mingine imeoza ndani, mingine midogo, na sehemu nyingi msitu wenyewe uligeuzwa malisho ya ng'ombe zamani. Ikabidi waende kuwaomba wenyeji wa asili wa Alaska, na wale wakawapa magogo mawili makubwa ya miti ya jamii ya msonobari, yenye umri wa miaka kama 400. Mtumbwi ukaitwa Hawai'iloa, ukaingia majini mwaka 1993.

Fundo lote la hii mada liko hapo. Watu wengi huku kwetu Hawaii wanaijua kwa Obama, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961 baba yake akiwa mwanafunzi kutoka Kenya, au wanaijua kwa picha za watalii na mashada ya maua shingoni, kwahiyo ukiwaambia kuna viongozi wa jamii wanaotunza utamaduni watawaza ngoma, na ukiwaambia wanatunza mazingira watawaza maafisa wa serikali wenye magari ya wizara. Kule hizo kazi mbili huwezi kuzitenganisha, manake msitu ukiisha, ujuzi wa kuchonga mtumbwi hauna cha kuchongea, na ujuzi ukiisha hakuna atakaegundua kwamba msitu umeisha. Wale wachongaji waliporudi na magogo ya Alaska walirudi pia na kazi mpya, ya kupanda koa kwa ajili ya wajukuu ambao hawatawaona. (Na sisi wa pwani hatuko mbali sana na hadithi hii, ngalawa yetu yenye matengo mawili wataalam wengi wanaona ina asili kwa mabaharia wa ukoo huohuo wa lugha, ambao baadhi walivuka kutoka upande wa Indonesia wakafika Madagascar na wengine wakaelekea mashariki, na vizazi baadae wakaishia Hawaii.)

Ili uelewe viongozi wa saivi wanafanya nini lazima kwanza ujue nchi ilikuwa imepangwaje. Kila kisiwa kilikatwa vipande vinavyoanzia mlimani juu msituni na kushuka mpaka kwenye miamba ya baharini, mara nyingi kikifuata mto mmoja, na kipande hicho kinaitwa ahupua'a. Ndani ya kipande kimoja unapata mbao na manyoya ya ndege juu, mashamba katikati, samaki na chumvi chini. Aliekuwa anasimamia anaitwa konohiki, huyo ndo alikuwa anasema mfereji huu ufunguliwe lini, samaki huyu asivuliwe miezi hii, na watu wa bondeni walimtii sababu walikuwa wanaona wenyewe matokeo yake. Mifereji yao ilikuwa inachota sehemu tu ya mto, maji yanapita kwenye majaruba alafu yanarudi mtoni ili wa chini nae apate. Mtu wa Kilimanjaro anaejua mifongo ya Wachaga haitamchukua muda kuelewa.

Na ndani ya majaruba hayo walikuwa wanalima magimbi. Haya haya magimbi tunayochemsha asubuhi na chai, wao wanayaita kalo, wanayaponda mpaka yawe uji mzito unaitwa poi na huo ndo ulikuwa ugali wao. Kwenye nasaba yao ya asili mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa, juu ya kaburi likaota gimbi, alafu mtoto wa pili akazaliwa binadamu akapewa jina la kakake, Haloa. Kwahiyo gimbi ni kaka mkubwa wa watu wote wa Hawaii. Yani ukimkuta mzee wa kule anagombania maji ya jaruba mahakamani, kwa upande wake anamtetea ndugu yake wa damu, usije ukadhani anapigania zao la biashara.

Sasa mpangilio huo ulivunjwaje? Ulivunjwa kwa hatua na kila hatua ilichukua kitu kimoja. Kwanza watu wenyewe: baada ya meli za nahodha Mwingereza James Cook kufika mwaka 1778 magonjwa mageni yaliwamaliza, wakatoka kwenye mamia ya maelfu mpaka kama elfu 40 hivi ilipofika mwaka 1900. Alafu ardhi: mwaka 1848 ufalme, ukiwa umezungukwa na washauri wa kigeni, ukagawa ardhi kwa hati za umiliki, na kwenye mgao huo wananchi wa kawaida waliishia na chini ya asilimia 1 ya ardhi yote. Alafu maji: mashamba ya miwa yakachimba mitaro mirefu kuchukua mito kutoka upande wenye mvua kwenda upande mkavu wenye miwa, na kule mashariki mwa kisiwa cha Maui kuna mito ilikauka kabisa sehemu za chini kwa zaidi ya karne moja. Alafu utawala: tarehe 17 Januari 1893 Malkia Lili'uokalani akapinduliwa na kundi la wafanyabiashara likisaidiwa na wanajeshi wa Marekani waliotua Honolulu. Mwaka 1896 sheria ikaweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni na watoto wakawa wanaadhibiwa wakiongea Kihawaii.

Angalia mfuatano huo vizuri. Maji yakiondoka majaruba yanakauka, majaruba yakikauka vijana wanaenda kufanya kibarua mjini, majina ya mvua na pepo na aina za magimbi (walikuwa nazo mamia) yanabaki kwa wazee, na lugha ikikatazwa wazee hawana wa kumwachia. Kwahiyo mtu akisema anataka kurudisha kitu kimoja hapo inabidi arudishe na vingine.

Chukua bwawa la He'eia, kisiwa cha Oahu, sio mbali na Honolulu. Hawa watu walikuwa wanafuga samaki baharini kwa kujenga ukuta wa mawe kuzunguka sehemu ya kina kifupi pale mto unapoingilia baharini, na mabwawa ya aina mbalimbali yaliyohesabiwa visiwani ni zaidi ya 400. La He'eia lina ekari 88 na ukuta wake una urefu wa zaidi ya kilomita 2, limejengwa miaka 600 mpaka 800 iliyopita bila saruji hata kidogo, mawe nje na kifusi cha matumbawe ndani. Kwenye ukuta kuna milango ya fito zilizopangwa kwa karibu. Samaki mdogo anapita kati ya fito anaingia, anakuta maji ya mto yamechanganyika na ya bahari na humo mwani mdogomdogo unastawi, anakula, ananenepa, alafu siku anataka kutoka kwenda kuzaa hapiti tena. Anajaa mlangoni maji yanapojaa na hapo ndo anavuliwa. Samaki wenyewe ni mkizi na mwatiko. Wafugaji wa mwatiko wa pwani ya Kenya na Tanzania wanamjua vizuri, anapenda mabwawa ya maji ya chumvi nusunusu.

Mwaka 1965 mafuriko makubwa yalibomoa kipande cha ukuta, bwawa likaachwa miaka mingi, matope yakajaa. Mwaka 2001 vijana, wengi wao wenyeji waliokuwa wamesoma chuo kikuu, wakaanzisha kikundi kinaitwa Paepae o He'eia. Mmojawapo ni Hi'ilei Kawelo, mwanamke kutoka familia ya wavuvi wa upande huohuo wa kisiwa, amekiongoza kikundi kwa miaka mingi. Kazi yao kubwa imekuwa ni mikono, Jumamosi za kujitolea, watoto wa shule, familia, kila mtu anabeba jiwe. Desemba 2015 walikusanya umati wa watu wakapanga mstari wakapitishiana mawe mkono kwa mkono mpaka lile pengo la miaka 50 likazibwa.

Kitu kitakachomshangaza mtu wa pwani yetu ni kwamba adui yao mkubwa pale ni mikoko. Sisi tunaipanda mikoko, tunawakamata wanaoikata, tuna vikundi vya kinamama vinaiotesha kwenye viriba, na tuko sahihi kabisa. Hawaii hawakuwa na mikoko. Ililetwa mwaka 1902 kisiwa cha Molokai na kampuni ya sukari ili ishike matope yaliyokuwa yanaporomoka kutoka kwenye mashamba, ikasambaa, na He'eia mizizi yake ikawa inapasua ukuta na kuziba maji. Kwahiyo kikundi kimetumia miaka na misumeno kuing'oa. Mimi hapo ndo nilipoelewa kwanini wanasisitiza sana kiongozi awe mtu wa mahali penyewe, sababu ushauri mzuri wa Rufiji au Lamu ungeliua bwawa la He'eia, na mtaalam anaekuja na kitabu kimoja kwa dunia nzima anaweza kuharibu akidhani anatengeneza.

Alafu wakagundua bwawa haliponi peke yake. Matope yanatoka juu. Kwahiyo kikundi kingine, Kako'o 'Oiwi, kimechukua bonde la juu yake, zaidi ya ekari 400 ambazo zilikuwa zimejaa nyasi na magugu, kinarudisha majaruba ya magimbi, na majaruba yanafanya kazi mbili, yanalisha watu na yanachuja tope kabla maji hayajafika bwawani na kwenye matumbawe ya ghuba. Mwaka 2017 eneo lote hilo likatambuliwa na serikali ya Marekani kuwa hifadhi ya utafiti, na wanasayansi wa chuo kikuu wanapima maji pale wakishirikiana na wenyeji. Yani ahupua'a imerudi kwa mlango wa nyuma, kipande kwa kipande, kila kikundi na kipande chake.

Lakini usidhani yote yalianza kwa upole wa kubeba mawe. Yalianza na mabomu. Kisiwa cha Kaho'olawe, kidogo, kama kilomita za mraba 116, kilichukuliwa na jeshi la Marekani baada ya Wajapani kushambulia bandari ya Pearl Harbor mwaka 1941, kikawa shabaha. Walikipiga kwa ndege na meli miongo mitano, na mwaka 1965 walilipua pale tani 500 za baruti ya TNT kwa mkupuo mmoja kujaribu uimara wa manowari, shimo lake lipo mpaka leo. Tarehe 4 Januari 1976 watu 9 wakavuka kwa boti wakatua kisiwani bila ruhusa. Wengi walikamatwa haraka, wawili, Walter Ritte na daktari Noa Emmett Aluli, wakabaki wakizunguka kisiwa siku mbili, na walichokiona kiliwabadilisha: kila mahali madhabahu za kale, misingi ya nyumba, vituo vya wavuvi, na katikati yake maganda ya mabomu.

Hapo ndo likazaliwa kundi la Protect Kaho'olawe 'Ohana. Msemaji wao alikuwa George Helm, mwanamuziki kijana wa Molokai mwenye sauti ambayo watu wa kule wanaikumbuka mpaka leo, alikuwa anaenda kwa wazee kwanza kuomba baraka na kuulizia habari za kisiwa kabla ya kwenda kwa wanasheria. Machi 1977 yeye na mwenzake Kimo Mitchell walipotea baharini karibu na kisiwa hicho, hawajaonekana tena. Msiba huo ungeweza kuua harakati. Badala yake Aluli na wenzake wakaendelea, wakashtaki jeshi mahakamani, mwaka 1980 wakapata makubaliano ya kuingia kisiwani kihalali, na mwaka 1982 wakafanya pale tena ibada za Makahiki, msimu wa mvua na amani wa mungu Lono, ambazo hazikuwa zimefanyika kisiwani kwa zaidi ya karne. Ibada zilipata maana ya kisheria pia, sababu ni vigumu kwa jeshi kuendelea kudai kisiwa hakina kitu wakati watu wanasali juu yake kila mwaka. Mwaka 1990 Rais Bush mkubwa akasimamisha mabomu, mwaka 1994 kisiwa kikarudishwa kwa jimbo la Hawaii, na dola milioni 400 zikatengwa kukisafisha. Hazikutosha. Usafi ulipoisha mwaka 2004 karibu robo ya kisiwa ilikuwa haijaguswa, na sehemu ndogo tu ndo ilisafishwa chini ya udongo, kwahiyo mpaka leo wanaokwenda kupanda miti wanapita njia zilizopimwa.

Sheria ya kisiwa hicho imekataza biashara yoyote ile. Hamna hoteli wala mgahawa, kwenye jimbo linaloishi kwa utalii. Daktari Aluli aliendelea kutibu wagonjwa Molokai mpaka alipofariki mwaka 2022, na huku ndo aliesimamia mambo ya Kaho'olawe karibu nusu karne.

Sehemu ngumu zaidi ya mada hii, na watu wengi wanairuka, ni nani ana mamlaka. Mzee anaweza kujua kila kitu kuhusu samaki wa ghuba yake, lakini mvuvi wa mjini akija na boti na neti usiku, mzee atamfanya nini? Zamani konohiki angemzuia. Saivi bahari ni ya jimbo, iko wazi kwa kila mtu. Huyu mzee hana kitambulisho, hana pingu, ana heshima tu, na heshima inafanya kazi kwa anaekujua.

Wazee wa Molokai ndo waliotafuta njia. Kuna mvuvi mmoja, Mac Poepoe, kule wakubwa wanaitwa mjomba na shangazi hata kama hamna undugu kwahiyo kila mtu anamwita mjomba Mac, yeye upande wa Mo'omomi alikuwa anafuatilia samaki kwa kalenda ya mwezi, kalenda ya Kihawaii ambayo kila usiku wa mwezi una jina lake. Anapasua samaki, anaangalia mayai, anaandika, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anajua samaki gani anazaa mwezi upi kwenye ghuba yake, na mara nyingine tarehe zake zilitofautiana na msimu uliowekwa na serikali kwa jimbo zima. Kutokana na msukumo wa kule, mwaka 1994 jimbo likapitisha sheria inayoruhusu jamii kuomba eneo lao la bahari liwe na kanuni za kienyeji kwa ajili ya uvuvi wa kujikimu. Mo'omomi ikapewa majaribio ya muda, yakaisha, na kanuni za kudumu hazikuja. Inaumiza, kusema kweli, waliobuni njia wenyewe hawakupita.

Waliopita wa kwanza ni Ha'ena, mwisho wa barabara kaskazini mwa kisiwa cha Kauai. Bunge liliwataja mwaka 2006, kanuni zikasainiwa mwaka 2015. Miaka 9! Mikutano, rasimu, malalamiko ya wavuvi wa nje, wanasheria, rasimu nyingine. Ukizisoma kanuni zenyewe utaona ni mambo ya kawaida tu ambayo bibi yoyote wa pwani angeyasema: kuvua kwa ajili ya biashara hakuna, kupiga samaki mkuki usiku hakuna, pweza wachache kwa siku, wale konokono bapa wanaoganda kwenye miamba ('opihi, wanawapenda sana) 20 kwa mtu kwa siku, na kuna sehemu ya ndani ya mwamba ambayo ni kitalu cha samaki wadogo, hapo hagusi mtu. Yaani ni kapu za zamani (kapu kwao ni miiko) zilizovalishwa namba ya sheria. Ila miaka 9 haikupotea bure, sababu kwenye kubishana huko familia zilikubaliana upya nani anawajibika kwa nini, na kikundi chao, Hui Maka'ainana o Makana, ambacho tayari kilikuwa kinafufua majaruba ya magimbi ndani ya hifadhi ya jimbo, kikapata uzito ambao serikali haiwezi kuupuuza.

Uzito huo ulionekana Aprili 2018. Mvua ilinyesha pale jirani, Waipa, milimita 1,262 ndani ya masaa 24, rekodi ya Marekani nzima, ni zaidi ya mvua ambayo Dar es Salaam inapata kwa kawaida mwaka mzima. Milima ikaporomoka, barabara ikakatika, na kwa zaidi ya mwaka watalii hawakuweza kufika Ha'ena. Wenyeji walikaa kwenye shida kubwa lakini pia waliona ghuba yao imetulia na samaki wanasogea karibu. Barabara ilipofunguliwa Juni 2019 walikuwa tayari wameshasema wanataka nini: watalii mwisho 900 kwa siku kwenye hifadhi, wakati zamani walikuwa wanazidi 2,000, na lazima uweke nafasi kabla. Serikali ilikubali. Sehemu nyingi za utalii duniani zinaongelea kupunguza wageni, hawa walipunguza.

Kuna nguzo nyingine mbili za kisheria zinazowabeba, nizitaje haraka. Katiba ya jimbo ilivyorekebishwa mwaka 1978 ilikifanya Kihawaii kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikalinda haki za kimila za wenyeji, kukusanya, kuvua, kufanya ibada. Mwaka 1995 mahakama kuu ya jimbo ikasema haki hizo zinaendelea hata kwenye ardhi binafsi ambayo haijajengwa. Kwahiyo kampuni ikitaka kujenga hoteli ufukweni lazima iulize nani anapita pale na kwa ajili ya nini, na hapo ndo maneno ya mzee mmoja aliekuwa anaokota chumvi pale tangu utotoni yanageuka ushahidi.

Lugha nayo iko humuhumu. Ilipofika miaka ya 1980 watoto wanaoongea Kihawaii walikuwa hawafiki 50, ukiacha kisiwa cha Ni'ihau. Mwaka 1983 kikundi cha walimu kikaanzisha 'Aha Punana Leo, na mwaka uliofuata kikafungua chekechea ya Kihawaii kitupu huko Kauai, kwa kufuata mfano wa Wamaori wa New Zealand, na walifungua wakati sheria ya 1896 bado haijafutwa, ilikuja kufutwa mwaka 1986. Sasa mtu atauliza chekechea inahusiana nini na mazingira. Hawaii ilikuwa na magazeti ya Kihawaii zaidi ya 100 tangu mwaka 1834, kurasa zaidi ya laki moja, watu waliandika humo kila kitu, mvua, samaki, milipuko ya volkeno. Wanasayansi wasiojua lugha hawakuyagusa. Waliokuja kuyasoma wakakuta habari za kimbunga kikubwa cha Agosti 1871 kilichopiga Maui na kisiwa cha Hawaii (ndo kikubwa kuliko vyote, jina lake ni moja na la jimbo), mji kwa mji, saa kwa saa, na hapo ndo ikajulikana kwamba kisiwa kikubwa hakina kinga ya vimbunga kama watu walivyokuwa wanaaminishana. 

Na ngoma pia, hula. Wachezaji wanajipamba kwa majani na maua kutoka msituni, hasa maua mekundu ya mti wa 'ohi'a, ambao ndo mti mkuu wa misitu ya asili ya kule. Mwaka 2014 iligundulika kwamba 'ohi'a zinakufa kwa ukungu mpya unaoingia kwenye jeraha la gome, miti ikafa kwa mamia ya maelfu kisiwa cha Hawaii. Kila tawi linalokatwa ni jeraha, kila kiatu chenye udongo kinaweza kubeba ugonjwa. Mwaka 2016 kwenye tamasha la Merrie Monarch la mji wa Hilo, mashindano makubwa kuliko yote ya hula, walimu wengi walikubali kuliacha ua hilo, wacheze bila lenyewe. Fikiria mwalimu wa ngoma ambae wimbo wenyewe unamtaja mti huo, anaamua wanafunzi wake wapande jukwaani bila ua lake. Hakuna afisa aliemlazimisha. Wao ndo wanaoingia msituni kwa adabu, kwa kuomba kabla ya kuchuma, kwahiyo walikuwa wa kwanza kuelewa.

Lakini siwezi kuandika haya bila Lahaina. Mji ule wa Maui uliwahi kuwa makao makuu ya ufalme, ulikuwa na maji, mabwawa, na kivuli cha mishelisheli iliyokuwa maarufu visiwa vyote. Miwa ilichukua maji, bwawa la kifalme likafukiwa, mashamba ya miwa yalipokufa (kiwanda cha mwisho cha sukari Hawaii kilifungwa mwaka 2016, kwenye kisiwa hichohicho) ardhi ikaachwa ikaota nyasi za malisho, nyingi zenye asili ya huku kwetu Afrika, ambazo kiangazi zinakauka zinakuwa kiberiti. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali na moto ukaua watu 102 na kuteketeza mji. Kabla misaada rasmi haijajipanga, watu kama Archie Kalepa, mwokoaji baharini na baharia wa mitumbwi ya asili, alishageuza kwake kuwa kituo cha chakula, maji na dawa. Na madai ya viongozi wa pale tangu moto huo ni yaleyale waliyokuwa wanadai kabla: maji yarudi mtoni, ardhi oevu irudi, mashelisheli yapandwe.

Kinachotishia kazi hii yote saivi ni bei ya nyumba. Sensa ya 2020 ilionyesha zaidi ya nusu ya Wahawaii wa asili wanaishi nje ya Hawaii, wengi Las Vegas na California, wameondoka sababu hawawezi kulipa. Bwawa la He'eia linataka mtu anaekaa karibu nalo, anaejua mlango upi ufunguliwe mwezi ukiwa umefika wapi, na ujuzi huo haufundishwi kwa simu. Kuna sheria ya tangu mwaka 1921 iliyotenga ardhi kwa ajili ya makazi ya Wahawaii wenye angalau nusu ya damu ya asili, na kwenye foleni ya ardhi hiyo kuna watu zaidi ya elfu 28. Mwaka 2022 bunge la jimbo lilitoa dola milioni 600 kuipunguza foleni, pesa nyingi kuliko zilizowahi kutolewa kwa mara moja, lakini wapo watu zaidi ya 2,000 waliofariki majina yao yakiwa bado kwenye foleni.